Mtoto Wetu Hajui Kitu

Taipei, 12 Oktoba

Babu Tsung-yao,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekuonea huruma majuma haya, na kwamba Wartini anayekutunza bado anakuvumilia hapo nyumbani. Baba amepiga simu kutoka mabwawani Cigu. Samaki wake wa mwatiko wamenenepa, yeye mzima, na mama analalamika kuhusu pampu mpya, kwa hiyo naye mzima. Huku kwetu mvua haijakatika tangu mwezi uanze. Soksi zangu zinanuka kama maabara, na maabara inanuka kama soksi zangu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu huisikii, na barua pepe umeziita kelele za maandishi. Lakini safari hii si salamu tu. Nina shida, na katika ukoo wetu ni wewe peke yako uliyewahi kufundisha chuo kikuu, ingawa mama anasema ulifukuza wengi kuliko uliowafundisha.

Kuna ufadhili wa masomo wa Mfuko wa Van Oosterhage, Uholanzi. Ni miaka mitatu ya kusomea udongo wenye chumvi, na kila kitu kimelipiwa. Mtu hawezi kuomba mwenyewe. Chuo ndicho kinachopeleka jina, na kila chuo kinapeleka jina moja tu. Wanachukua walio chini ya miaka thelathini, nami natimiza thelathini Agosti ijayo. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Nahitaji barua ya mapendekezo kutoka kwa msimamizi wangu, Profesa Tseng, yule uliyemfundisha. Nilimwendea ofisini. Hakuinua hata macho.

"Andika mwenyewe, niletee, nitasaini."

"Niandike nini, Profesa?"

"Andika kwamba wewe ni hodari. Wenzako wote wanajua kuandika hivyo, huhitaji kufundishwa."

Nimekaa mbele ya karatasi tupu siku kadhaa sasa. Nikianza kujisifu naona haya kama mtu aliyevua nguo sokoni. Nikiacha kujisifu, karatasi inabaki tupu. Babu, mambo haya huandikwaje?

Mjukuu wako,
Yen-ju


Tainan, 21 Oktoba

Mjukuu wangu Yen-ju,

Marahaba. Magoti ni yale yale, hayana huruma wala akili. Wartini ananipikia uji wa mwatiko bila tangawizi, kwa amri ya daktari ambaye angefaa zaidi kuuza viatu. Paka wa jirani amezaa ndani ya chungu changu cha okidi. Hizo ndizo habari za nyumbani, na zote ni za kudhalilisha.

Sasa tuje kwenye upuuzi wako.

Nilikalia kiti cha kamati kama hiyo kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu. Usiiogope. Ni watu waliochoka, wanakula keki za nanasi na kusoma barua ambazo wote wanajua zimeandikwa na wanaosifiwa. Kila mwombaji ni "bora kuliko wote niliowahi kufundisha." Ukiziamini barua zile, kisiwa hiki hakijawahi kumzaa mtu wa kawaida. Kisha huja insha, ambamo mtu anatakiwa aeleze dhiki aliyoishinda. Mtoto aliyelelewa vizuri hana dhiki ya kuwaonyesha wageni, kwa hiyo hutunga. Nimesoma habari za bibi aliyekufa katika insha ya mjukuu mmoja, akafufuka, kisha akafa tena kwa uchungu zaidi katika insha ya mjukuu wa pili.

Huyo Tseng wako naye aliniletea barua yake mwenyewe alipokuwa kijana. Alikuwa amejiita "mwanga." Nilifuta mwanga nikasaini. Akaenda Ulaya, akarudi na tai shingoni.

Usijisifu. Andika ulichofanya, ulikifanyia wapi, na kilitokea nini. Mwerevu akisoma ataelewa, mjinga atatafuta neno "hodari" asilione. Tatizo ni kwamba kamati huwa imejaa hao wa pili.

Na sijui Uholanzi unaitakia nini. Ni nchi ya watu wanaokula mkate mkavu mchana, tena wamesimama. Chumvi unayo nyuma ya nyumba ya baba yako. Huyo Van Oosterhage simjui, lakini wafadhili wote wenye majina marefu, babu zao waliwahi kumnyang'anya mtu kitu.

Vaa soksi kavu.

Babu yako,
Liao Tsung-yao


Taipei, 9 Novemba

Babu,

Shikamoo. Soksi ni kavu. Mama amenitumia kifurushi cha mayai ya samaki yaliyokaushwa, nimeyala yote kabla mwenzangu wa chumba hajarudi, sina aibu. Pole kwa okidi. Wartini hajambo? Mwambie yale mafuta ya kuchulia aliyonipa yamenisaidia mgongo.

Nimefanya ulivyosema. Nimeandika ukurasa mmoja: mashamba ya Cigu niliyoyapima, namna nilivyoosha chumvi kwa maji ya mvua badala ya maji ya kisima, mahali nilipokosea msimu wa kwanza na nilivyojua kwamba nimekosea. Hakuna sifa hata moja. Nakutumia nakala.

Profesa Tseng aliisoma akiwa wima.

"Hii ni barua ya mapendekezo au ni taarifa ya polisi?"

"Ndiyo mambo niliyoyafanya, Profesa."

"Kuo ameniletea kurasa nne. Anasema ana maono."

"Maono ya nini?"

"Ya dunia," akasema, na nadhani alitaka kucheka.

Kuo ndiye mwenzangu wa maabara. Huniita dada akitaka kuazima kitu, kikishapatikana huniita Liao. Majaribio yake nimeyarekebisha mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sasa ni yeye au mimi. Wote wawili tunasimamiwa na Tseng, na kamati itafuata neno la Tseng.

Barua yangu ameisaini bila kugusa kitu. Kisha akasema kabla ya kuamua atateremka Tainan kukuamkia, maana hajafanya hivyo tangu apate uprofesa, na anaona vibaya.

Babu, nakuomba jambo moja. Usimfukuze. Mpe chai. Akiuliza habari zangu, sema neno moja zuri. Moja tu, la pili sitalidai.

Yen-ju


Tainan, 2 Desemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kikohozi, usiulize. Baridi imekuja mapema na jirani amehamisha paka wake, akaniachia manyoya.

Taarifa yako ya polisi nimeisoma. Sentensi ya tatu ni ndefu mno.

Tseng alikuja. Alileta matufaha ya Japani, kila moja limevalishwa wavu wake kama mtoto wa tajiri. Amenenepa shingoni, mahali ambapo wakubwa hunenepa kwanza. Alikalia kile kiti alichokuwa akikalia zamani akisubiri nimrudishie kazi yake, na akajifuta jasho vile vile. Akaniambia sasa ni mkuu wa kitengo hiki na mwenyekiti wa jopo lile. Nikamwuliza kama bado anachanganya udongo wa magadi na udongo wa chumvi. Akacheka kicheko cha mtu mwenye zulia ofisini.

Chai alipewa. Hakufukuzwa. Tuliongea habari za udongo, tukaongea habari za marehemu. Wewe pia ulitajwa.

Kula vizuri. Hao watu wa Taipei wanatia sukari kwenye kila kitu isipokuwa maneno yao.

Babu yako


Taipei, 20 Januari

Babu,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili tangu Desemba na hukujibu. Baba anasema u mzima. Mama anasema baba hajui kitu. Naandika hii nikitumaini mama amekosea.

Wamempeleka Kuo.

Alinikuta ukumbini kabla tangazo halijabandikwa, akanishika bega. "Dada, usinichukie. Nitakuletea jibini." Nikamwambia abaki na jibini lake, anirudishie kipimo changu cha chumvi. Akasema amekipoteza. Huyo ndiye mwenye maono ya dunia.

Nilikwenda kwa Profesa Tseng. Safari hii aliinua macho.

"Kazi yako inaipita yake," akasema. "Hilo sitalificha."

"Sasa?"

"Si kazi peke yake. Miaka mitatu ugenini inataka mtu aliyekomaa. Hata nyumbani kwenu wanaona bado."

"Nyumbani kwetu nani?"

Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

Babu, nyumbani kwetu aliyeongea na Tseng ni mmoja. Sina mwaka mwingine wa kuomba. Ulimwambia nini?

Yen-ju


Tainan, 3 Februari

Yen-ju,

Marahaba. Mimi mzima kiasi cha mtu wa umri wangu, na baba yako hajui kitu, mama yako amesema kweli. Mwaka Mpya wa mwezi mwandamo sitakuja Cigu. Upepo wa mabwawani haunifai, na sitaki kukaa meza moja na binamu zako wanaokula huku wametazama simu.

Tseng ni mpumbavu. Mimi nimelijua hilo tangu akiwa na nywele, na sasa umelijua na wewe.

Alikusifu mbele ya chai. Ana bidii, akasema, ana jicho la utafiti. Ulitaka nijibu nini? Niseme ndiyo, mtoto wetu ni hodari, umechelewa kutambua? Nani anasema hivyo na mgeni yumo ndani? Mtu akimsifu mtoto wa nyumba yako, unamkana mtoto. Siku nilipokuwa wa kwanza mkoa mzima, mama yangu alimwambia mwalimu wangu, nami nimesimama pale pale, kwamba mimi ni kichwa cha mbao na chakula ninakila bure. Mwalimu akarudi kwake akijua kwamba mama anapasuka kwa fahari. Nami nilimwambia Tseng yanayosemwa: mtoto wetu hajui kitu, bado mdogo, akienda mbali atatuaibisha. Ni maneno ya chai. Hata muuza samaki wa sokoni angeyaelewa. Lakini Tseng amekaa Ulaya hata masikio yake yamegeuka, sasa mtu akimwambia karibu chakula anatoa kalamu aandike saa.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna la kufanya, majina yamekwenda. Usimlilie Van Oosterhage.

Babu yako


Taipei, 1 Machi

Babu,

Shikamoo. Baada ya barua yako nililala vizuri mara ya kwanza tangu Januari. Nilijiambia, kumbe ni adabu tu. Kumbe ni Tseng aliyesahau kwao.

Kwa hiyo nilimwendea nikamweleza. Nilimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni kushika vijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Yen-ju, mimi ni mtu wa Yanshui, huko huko Tainan. Mama yangu mpaka leo ananiita mzigo mbele ya wageni, nami nina mvi. Unadhani sijui maneno ya chai?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Mtu akimkana mtoto kwa adabu, anatabasamu. Anakuongezea chai. Wewe unamsifu mtoto tena, naye safari hii ananyamaza, maana yake amekubali. Ndivyo inavyokwenda, au siyo?"

"Ndivyo."

"Nilikusifu tena. Hakunyamaza. Nikakusifu tena. Babu yako akaweka kikombe chini, akanitazama, akasema: usimpeleke."

Nikamwuliza kwa nini alikubali. Akasema, "Mwalimu wangu hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote. Ningemkatalia vipi?"

Halafu baba, alipokunywa siku ya Mwaka Mpya, aliropoka kwamba umelazwa hospitali zaidi ya mara moja tangu vuli. Mama akamkanyaga mguu chini ya meza.

Sitaki habari za paka. Sitaki habari za shingo ya Tseng. Nataka unijibu.

Yen-ju


Tainan, 28 Machi

Mjukuu wangu Yen-ju,

Habari za nyumbani ni kwamba ninakufa. Ngoja niziweke mbele, kwa kuwa zamani nilikuwa nikiziweka nyuma ya paka.

Ninaandika vipande vipande. Wartini ananishikia ubao, na kalamu ikianguka ananirudishia. Mwandiko wangu wa zamani usiutafute humu.

Tseng amesema kweli. Nimemdharau mtu yule tangu alipojiita mwanga, na kumbe siku pekee aliyostahili dharau yangu ni siku aliyonitii.

Ni ini. Daktari aliniambia Septemba, kabla hujaniandikia habari za Uholanzi. Alisema labda nitafika joto la kiangazi, na alilisema vizuri, kwa hiyo lile neno la kuuza viatu nalifuta. Sikumwambia mtu. Baba yako aligundua alipokuta dawa, nikamwapisha. Kumwapisha mnywaji ni ujinga wangu mwingine.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilifahamu mara moja kwamba ukienda hutanikuta. Nikakaa nikaitukana ile kamati, nikaitukana Uholanzi na mkate wake, nikamtukana marehemu Van Oosterhage ambaye hajanikosea. Hii ndiyo kazi ninayoiweza. Kitu kikinitisha, nakicheka mpaka kipungue kimo. Watu waliniita mkali, wengine wakaniita mwenye akili. Sikuwa hivyo sana. Nilikuwa mwoga mwenye msamiati.

Tseng alipokuja nilikuwa nimejiandaa kusema neno lako moja zuri. Nakuapia hilo, ingawa kiapo changu sasa hakina bei. Alikusifu, nikakukana kama inavyotakiwa, na mdomo wangu ukatabasamu wenyewe kwa mazoea. Akakusifu tena. Nikaona kwamba ameshaamua. Amekuja kuniletea wewe kama alivyoleta yale matufaha, kama zawadi: mjukuu wako anakwenda, Mwalimu, furahi. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Kunyamaza kungekupeleka.

Nikasema usimpeleke. Angeniuliza sababu nisingekuwa nayo. Hakuuliza. Alishusha kichwa kama zamani nilipomrudishia kazi mbovu.

Baada ya hapo nilijitungia sababu. Nikajiambia bado hujakomaa. Nikajiambia utafiti wako ni wa Cigu na Cigu haihami. Wote niliowahi kuwacheka kwa kutunga dhiki zao kwenye insha, nimewapita. Wale watu wa keki za nanasi walau waliamua wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Mimi niliamua peke yangu na sikumwonea haya mtu.

Unataka kujua kwa nini. Kuna watu wanaonipigia simu nisiyoisikia, ili waseme wamepiga. Kuna wanaoniletea matufaha. Anayeniandikia ni wewe. Bahasha ikifika naiweka mezani mpaka jioni, naila kwa macho kwanza. Nilitaka nife nikiwa na barua yako mezani, na nilitaka iwe imetoka karibu, kutoka kwa mtu anayeweza kupanda treni. Hiyo ndiyo sababu yote. Ukiitazama sana utaona ni ndogo, nayo ni ndogo kweli.

Ile taarifa yako ya polisi haikuwa na sentensi ndefu. Nilisema hivyo kwa sababu sikuona kosa jingine. Ningekuwa ndani ya kamati ile ningesimama.

Nimemwandikia Tseng kwamba nilisema uongo. Amejibu kwa heshima zote kwamba majina yamekwenda, na kwamba Kuo ameshanunua koti.

Msamaha siombi. Mtu anayekufa akiomba msamaha anakuwa kama amekushikia kisu. Nimekuambia tu, ujue ni nani aliyefunga mlango, usije ukadhani ulikuwa ukuta.

Tsung-yao


Taipei, 2 Juni

Babu Tsung-yao,

Shikamoo. Baba na mama hawajambo.

Barua yako nilikwenda nayo Cigu mwezi wa Aprili, siku ya kufagia makaburi ya ukoo. Nilikuwa mwendo wa saa moja kutoka kwako, nikiwa nayo mfukoni. Sikuja. Nilitaka ujue kwamba haikuwa basi lililochelewa.

Nimeandika barua nyingi nikazichana. Nyingine zilikuwa na matusi mazuri, ungeyapenda.

Unaandika kana kwamba hukunidharau. Nadhani hapo umekosea tena. Kuo ananidharau waziwazi, naye naweza kumjibu. Wewe ulinisifu moyoni, ukaenda kunifungia mlango kwa nyuma, kisha ukaniandikia habari za manyoya ya paka. Hiyo naijibuje? Dharau yako ni ya kisomi mno.

Lakini si hilo linaloniamsha usiku. Ungeniambia, Babu. Ungeniandikia Oktoba mstari mmoja: ninakufa, kaa. Ningekaa. Ningelia, ningekuchukia kidogo, ningekuja Tainan kila Jumamosi kukupikia uji wenye tangawizi kwa siri. Uholanzi ningeiacha mwenyewe, kwa mkono wangu. Sasa nimeikosa, na hata nafasi ya kuiacha kwa ajili yako nimenyang'anywa.

Kwa Tseng nimeondoka. Nimepata kazi kwenye kituo cha utafiti Can Tho, Vietnam, kule ambako bahari inaingia kwenye mashamba ya mpunga kila kiangazi. Mshahara ni kichekesho. Hawakutaka barua ya mtu yeyote. Mama mmoja aliniuliza kwenye simu kama najua kuendesha mtumbwi wa injini na kama naogopa nyoka. Nikamwambia injini nitajifunza. Akasema, "Na nyoka?" Nikamwambia nimefanya kazi na maprofesa. Alicheka mpaka akakohoa. Nadhani tutaelewana.

Mkataba ni wa miaka miwili, na mwaka wa kwanza hakuna ruhusa ya kurudi. Naondoka tarehe ishirini na sita mwezi huu. Ndege inaruka kutoka Kaohsiung, kwa hiyo treni inapita Tainan. Sijaamua kama nitashuka.

Yen-ju


Tainan, 17 Juni

Mjukuu wangu Yen-ju,

Marahaba. Joto limefika, na mimi nimelipokea nikiwa kitandani, kwa hiyo daktari ameshinda. Wartini amepata habari kwamba binti yake amefaulu mtihani huko Java, leo ameimba jikoni tangu asubuhi. Nilimwambia mtoto wake lazima ana akili, akasema hapana Babu, mvivu tu yule, na uso wake ulikuwa unang'aa. Baba yako huja jioni, hukaa mpaka taa zizimwe, hilo nalo ni zuri.

Barua yako nimeisoma yote. Pale uliposema dharau yangu ni ya kisomi, umepima sawasawa. Pale uliposema ningekuambia, nimerudia mara nyingi, na kila mara ni kweli tena.

Kazi ya Can Tho ni nzuri. Maji ya bahari yakiingia shambani, usipime juu tu, chimba mpaka kwenye mizizi ya mpunga, huko ndiko uongo wa chumvi unakojificha. Mwulize yule mama mwenye kikohozi kabla ya kumwuliza mtu mwenye tai. Mimi nakuita hodari. Neno hili sijawahi kuliandika kwenye barua yoyote niliyosaini, kwa hiyo linaweza kuwa limeandikwa vibaya.

Sasa habari ya treni. Ulisema mwenyewe kwamba ningekuambia ungekaa. Mimi nakujua, na sura niliyo nayo leo ingemkalisha hata adui. Ungepanga begi lako chini ya kitanda changu ukasema ni kwa siku mbili tu, kisha yule mama angetafuta mtu mwingine.

Treni ikifika Tainan, usishuke. Najua kwetu mzee akisema usijisumbue, watoto huvaa viatu wakaja, na wasipokuja husemwa kijiji kizima. Safari hii vua viatu. Kaa kitini, mlango ufungwe, upite. Na nikizikwa usirudi, hata baba yako akikulilia.

Haya si maneno ya chai. Nenda.

Tsung-yao